Samaki wa Inspekta Omara

Alhamisi, 28 Agosti 1975

Leo nimepewa kazi nisiyoijua na mtu nisiyeweza kumkatalia. Kwa kuwa siwezi kumjibu mdomoni, nitaandika. Kiswahili nilikipata Mombasa nilikojifunza ufundi wa vioo miaka saba, na hapa Kasese, Uganda, si wengi watakaohangaika kukisoma.

Saa nne asubuhi Inspekta Omara wa polisi aliingia dukani, kofia kwapani, mkononi ana chupa kubwa ya jamu iliyojaa maji. Ndani yake mlikuwa na samaki mmoja, hazidi kidole changu cha shahada, mwekundu, mapezi yake marefu yamening'inia kama shela la bibi harusi. Sijawahi kuona samaki wa namna ile, na nimekula samaki wa ziwa la kwetu tangu nilipoota meno.

"Wewe ndiye fundi ya vioo?"

"Ndiyo, afande."

"Hii samaki ni ya madam. Bibi Mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao, akamuachia. Inatoka mbali, Siam huko, inaitwa mpiganaji. Sasa nataka nyumba ya kioo. Urefu mkono moja. Maji isitoke."

"Afande, mimi kazi yangu madirisha na fremu za picha. Hii sijawahi kuifanya."

"Sasa utaifanya. Wiki mbili."

Akaiacha chupa juu ya meza, eti nipate kipimo cha mwenye nyumba. Mlangoni akageuka. "Ikikufa, utanieleza mimi."

Nimemweka rafu ya katikati, baina ya vioo vya kujitazama, mahali pekee palipokuwa na nafasi.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda Rukoki kwa Kosmasi, fundi wa kuchomelea, anitengenezee fremu ya chuma. Ameahidi Jumatatu. Kioo ninacho, kinene, nilichokitoa kwenye kabati la duka moja lililofungwa miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nakitunza kwa kazi ya maana.

Jumapili, 31 Agosti

Samaki hali ugali. Hali mkate. Hali wali. Mke wangu Aidah amemtilia kila kilichomo jikoni na sasa maji yananuka. Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 2 Septemba

Fremu imekuja, imepinda. Nimemwonyesha Kosmasi kwa kipimo cha pembe. Akasema, "Kwani samaki itajua?" Nikamwambia maji yatajua. Akainama kuitazama upya, hakupenda. Nimeirudisha Rukoki mwenyewe begani.

Alhamisi, 4 Septemba

Jamidah, anayeleta samaki kutoka Kahendero na kuwauza mlango kwa mlango, amesimama mbele ya chupa muda mrefu, beseni likiwa kichwani.

"Fundi, huyu unamuua kwa njaa. Tazama mdomo wake, umeelekea juu. Huyu anakula vitu vya juu ya maji."

Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye pipa bovu tunalokinga maji ya mvua, akarudi na viluwiluwi vya mbu katika kiganja. Akavitia. Samaki alivimaliza kabla Jamidah hajakausha mkono. Wiki nzima tumehangaika na chakula chake kilikuwa kinajizalia chenyewe nyuma ya jiko.

Jumamosi, 6 Septemba

Fremu imenyooka. Nimepanga vioo vinne na cha chini, nimevishika kwa puti ileile ya madirisha, ya mwisho dukani. Omara amepita. "Bado?" Bado, afande.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya pili ya Ramadhani. Nimejaza maji. Yametoka pembe zote nne, taratibu, bila haraka, kama yanayojua njia. Meza imeharibika, na pamoja nayo picha ya harusi ya mtu niliyokuwa nimeanza kuiwekea fremu. Nimekaa chini na funga yangu nikatazama. Katika swaumu mtu hatukani.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeyeyusha mishumaa nikaziba kwa nta. Asubuhi ilishika. Saa saba jua la Kasese likaingia dirishani, nta ikalainika, maji yakashuka. Mishumaa yenyewe haipatikani tena mjini. "Bado?" Bado, afande.

Jumamosi, 13 Septemba

Lami imezuia maji. Nilifurahi kama saa moja hivi. Kisha nikaona utando wa mafuta juu, wa rangi rangi. Nilimwomba Jamidah kisamaki kimoja kilicho hai cha kujaribia. Adhuhuri alikuwa anaogelea, alasiri tumbo juu.

Nimekwangua lami yote kwa kisu. Vidole vyangu vitanuka barabara mpaka Idi.

Jumapili, 14 Septemba

Na huyu mwekundu naye anaugua. Mapezi yamechanika ncha, rangi imefifia, anapumzika kidogo kisha anajirusha kama aliyechomwa na sindano. Anavimbisha mashavu, anatanua mapezi, anagonga chupa kwa pua. Mchana kutwa hivyo. Ndiyo tabia yake, nimemwambia Aidah, hata jina lake ni mpiganaji.

"Anapigana na nani?" Aidah aliuliza.

Nikamwambia aache maswali ya kitoto, nina kazi.

Jumatatu, 15 Septemba

Lazima niandike hili ijapokuwa linaniuma. Aidah aliketi dukani tangu asubuhi anashona kofia, jicho kwenye chupa. Saa sita akasema, "Baba Hamidah, simama pale. Sasa sogea. Simama tena." Nikafanya, nimekereka. Nikisimama kati ya chupa na kioo kikubwa, samaki anatulia. Nikiondoka, anavimba.

"Anajiona," Aidah akasema. "Umemzungushia vioo sita. Siku kumi na nane anapigana na watu sita."

Mimi ndiye fundi wa vioo, na sikuwaza hilo. Tumegeuza vioo vyote vikaelekea ukutani. Kufikia alasiri samaki amelala juu ya maji, ametulia, nami nilimwonea haya. Mteja wa kwanza akauliza kama nimeacha biashara.

Jumatano, 17 Septemba

Omara amekuja akakuta vioo vimegeuzwa. Hakuuliza. Akamtazama samaki, akagusa chupa kwa kidole. "Wiki mbili imepita, fundi."

"Puti haifai, afande, na hakuna nyingine nchi hii."

"Mimi sikuuliza puti."

Nimemchukia mtu huyu. Anatembea kama amemeza fimbo, hasalimu, haketi. Amepewa bunduki na mshahara, na anachowaza ni samaki wa mkewe.

Alhamisi, 18 Septemba

Shemeji yangu Abdunoor, dereva wa lori la Bwera, amefuturu kwetu. Anasema ng'ambo ya mpaka wana kitu kinaitwa masitiki, Wabelgiji walikuwa wakishikia vioo vya makanisa, maji hayapiti. Kesho ni siku ya soko. Nitakwenda naye.

Jumanne, 23 Septemba

Nimerudi nyumbani leo. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kila nikilala naanza kuyasema moyoni.

Ijumaa tulifika Bwera kabla ya jua kali. Sokoni nikampata mama mmoja wa ng'ambo, ana mikebe kitambaani.

"Masitiki iko, baba. Hii ni ya vitre, ya vioo. Haipitishe mayi, hata miaka kumi. Uko na nyumba ya kanisa?"

"Nina nyumba ya samaki."

Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanichagulia mkebe uliojaa vizuri. Nikamwona ni mtu mwema. Nikapita kwa binti yetu Hamidah aliyeolewa pale, nikamsalimu, tukaondoka.

Baada ya daraja la Nyamugasani kulikuwa na kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo. Wanajeshi, na polisi wachache pamoja nao. Abdunoor alizima injini akasema kwa sauti ndogo, "Usiongee mpaka uulizwe." Tukashushwa. Wakachoma kwa vyuma magunia ya kahawa tuliyopakia Bwera. Mwanajeshi mmoja akauona mkebe wangu kitini, maandishi ya Kifaransa juu yake.

"Hii nini?"

"Dawa ya kushika vioo, afande."

"Umetoa wapi?"

"Sokoni, Bwera."

"Iko ya Zaire. Hii ni magendo. Kaa chini."

Nikakaa mavumbini. Pembeni, chini ya turubai, alikuwa ameketi kapteni mmoja mwenye miwani myeusi, na nyuma yake amesimama Inspekta Omara. Nilipomwona, moyo ulitulia. Nikasema, nakumbuka hata maneno, "Muulizeni Inspekta Omara. Kazi hii ni yake. Ananijua."

Kapteni akageuza shingo polepole. "Omara. Unajua huyu mutu?"

Omara alinitazama usoni, jicho kwa jicho, si mbali kuliko urefu wa meza yangu.

"Mimi sijui huyu mutu, afande."

Abdunoor wakamwachia kwa kuwa karatasi za kahawa zilikuwa safi. Mimi wakanipandisha gari mpaka kituo cha polisi.

Seli ilikuwa na watu tisa na dirisha moja lisilo na kioo. Mvua ikipiga kutoka mlimani inaingia yote. Nilihojiwa mara moja Jumamosi: nani mwenye mzigo, nani mwenzako. Nikasema ni fundi wa madirisha, basi. Jina la Omara sikulitaja tena. Si kwa kumhurumia. Niliogopa nikilitaja mara ya pili atalikana kwa namna itakayonimaliza.

Kuanzia Jumamosi, kila magharibi askari mmoja kijana wa Gulu, Oryem, alileta kikombe cha chai yenye maziwa na kipande cha muhogo. "Ya kufungua saumu," alisema. Nilipouliza imetoka kwa nani, alitazama mlango. Jioni tatu hivyo. Leo asubuhi akafungua. "Toka. Hakuna kesi. Usiulize kitu." Akanipa kifurushi cha gazeti. Nje ya geti nikakifungua. Mkebe wa masitiki, haujafunguliwa.

Aidah alikuwa mlangoni. Hakulia, aliniosha miguu. Baadaye akasema, "Juzi nilipasha mafuta jikoni nimkaange huyu samaki. Kisha nikaona atakuwa amekufa bure na wewe bado uko ndani."

Alhamisi, 25 Septemba

Sikufungua duka. Mkebe uko chini ya kitanda. Nimeapa sitaugusa.

Jumapili, 28 Septemba

Mwanamke mrefu, mweusi sana, amekuja mchana na mwavuli. Akaketi bila kukaribishwa, mbele ya chupa.

"Mimi naitwa Adong. Ni bibi ya Omara."

Aidah alisimama atoke, nikamwambia abaki, asikie na yeye.

"Nilifanya kazi kwa Mzungu miaka mbili, kupika," Adong akasema. "Alipoondoka, wengine aliwapa sahani, mimi akaniuliza nataka nini. Nikasema samaki. Watu wakacheka. Lakini wewe fundi, umeona kambi? Nyumba ni ya serikali. Kitanda ya serikali, imeandikwa namba. Kiti, namba. Hata sufuria. Nilitaka kitu moja haina namba."

"Na siku tatu zangu, mama?" nilisema. "Zile ni za nani?"

Hakukwepa. "Zako. Sikuja kukuomba usikasirike. Nimekuja kukuambia ile kitu Omara hawezi kusema. Sisi ni Walango, kabila ya rais aliyepinduliwa. Walango walikuwa wanne katika ile kituo, sasa ni yeye peke yake. Wengine waliitwa, moja moja, hawakurudi. Yule kapteni anatafuta sababu tu. Omara angesema anakujua, na ile mkebe ni yake, mungeenda wawili. Na huko mungekwenda, hakuna mutu wa kuleta chai."

"Chai ilikuwa yako?"

"Maziwa yangu. Kumpa Oryem amri ya kuingiza, ilikuwa yake."

Alipoondoka nimekaa bila kazi. Nilikuwa na hasira nzuri, yenye umbo, najua pa kuielekeza. Sasa sijui niielekeze wapi, na bado ninayo.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimetoa mkebe chini ya kitanda. Masitiki ni kitu kizuri. Inatoka laini kama unga uliokandwa vizuri, inaingia pembeni inakaa. Nimefanya kazi mpaka adhuhuri na sikuhisi njaa. Ikauke siku kumi.

Jumanne, 7 Oktoba

Idi. Jamidah ametuletea sato mkubwa. Aidah akampelekea Adong sahani ya pilau kambini, akarudi na sahani imejaa simsim iliyosagwa. Sikumuuliza walizungumza nini.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimejaza maji ya mvua mpaka juu. Nimetandaza gazeti chini ya sanduku lote. Sasa natazama gazeti.

Jumatatu, 13 Oktoba

Gazeti kavu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeosha mara tatu, nimetia kokoto za mtoni na majani ya maji aliyoleta Jamidah. Samaki ameingia leo. Alibaki pale alipomwagwa, hajui kama ukuta umeondoka. Kisha akaenda mbele, akaenda tena, akafika mwisho, akageuka. Hapo akajiona katika kioo cha nyuma, kwa kuwa ukuta wangu ni wa rangi nyeusi, vita vikaanza upya. Nimebandika karatasi nyeupe nyuma. Miezi miwili na huyu kiumbe bado ananituma.

Jumapili, 19 Oktoba

Jana nimegombana na Aidah. Kuna povu juu ya maji, pembeni, kama la kufulia. Nikamwambia ameosha kitu kwa sabuni. Akaniuliza hiyo sabuni ameipata wapi, yeye aliyepanga foleni siku mbili akarudi mikono mitupu. Nimeliondoa povu kwa kijiko. Leo asubuhi limerudi. Jamidah ndiye aliyetuamua: kamwona samaki anapanda juu, anavuta hewa, anaitema vipovu kimoja kimoja.

"Anajenga," akasema. "Madume mengine ziwani yanachimba kiota kwenye mchanga. Huyu anajenga kwa mate."

Nimekaa kumtazama, na fremu tatu za watu zinanisubiri. Hana jike, wala hatampata Kasese wala Uganda nzima. Lakini anajenga. Nimeacha kijiko.

Jumatano, 22 Oktoba

Kazi imekwisha na hakuna anayekuja kuuliza "Bado?" Kila buti likipita nje nanyanyua kichwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Omara amekuja baada ya sala ya Ijumaa, bila sare. Katika shati la kawaida ni mtu mwembamba, shingo ndefu, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Kwa mara ya kwanza aliketi.

Alimtazama samaki mpaka kivuli cha mlango kikasogea.

"Maji haitoki," akasema.

"Haitoki."

"Nimepata uhamisho. Moroto. Kesho saa mbili, lori. Kila familia sehemu ndogo tu. Hii haitaingia. Madam anasema ubaki nayo."

Nilimwambia, na sikumwita afande, "Umenitoa kwenye kazi zangu miezi miwili. Umenikana mbele ya watu. Nimelala kwenye maji ya mvua siku tatu. Sasa unaniambia samaki ni wangu."

Hakuinuka. "Siku nne, usiku nne," akasema. "Ijumaa mpaka Jumanne. Wewe unasema tatu. Mimi nilihesabu." Alikuwa anazungumza na maji. "Nilikukana. Kama ile kapteni angeniuliza tena, ningekukana tena. Nina bibi. Lakini mimi nilikuangalia macho, sikuangalia chini. Nilitaka hata hiyo ujue."

Akaondoka. Aidah, aliyesikia yote nyuma ya pazia, akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia sikufurahi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sikulala vizuri. Alfajiri, baada ya sala, nimemkamata samaki kwa kikombe nikamrudisha katika chupa ya jamu. Nimemwaga maji ya sanduku, nimelikausha, nimelifunga magunia manne na nyasi kavu. Aidah akanitazama, akaenda kuleta kamba.

Tumelibeba wawili mpaka kambini. Lori lilikuwa limejaa magodoro, kuku na wanawake juu. Getini mwanajeshi akanizuia kwa mkono kifuani. "Wewe nani? Unapeleka nini?"

Omara alikuwa kwenye lori, amevaa sare, na watu wa kapteni walikuwa pale pale, nimewatambua wawili. Alishuka. Akaja mpaka getini, akasimama karibu nami.

"Huyu ni Swaib, fundi wangu," akasema kwa sauti ya gwaride, kila mtu asikie. "Mimi namjua. Hiyo mzigo ni yangu."

Mwanajeshi akatazama wenzake. Mkono ukashuka.

Tulitoa kabati moja la mbao la Omara lenye namba ya serikali, tukaliacha uwanjani, na sanduku likakaa mahali pake kati ya magodoro mawili. Adong alipakata chupa. Nilimwambia: usimlishe sana, maji usiyabadili yote kwa mara moja, na mahali pa kumweka pasiwe na kioo cha kujitazama. Alirudia kila neno kama mtoto wa chuo. Omara alinipa mkono. Niliupokea. Sikusema nimesamehe, naye hakuuliza.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Vioo vya madirisha vitano, vya kanisa.

Ijumaa, 14 Novemba

Hakuna kitu.

Alhamisi, 20 Novemba

Dereva mmoja aliyetoka upande wa mashariki amempa Abdunoor barua, naye ameileta leo saa tano. Ni mwandiko wa Adong, kwa penseli.

"Kwa fundi Swaib na mama Aidah. Tumefika. Omara ni mzima. Samaki alikufa Mbale, tulilala njiani na baridi ilikuwa mingi, nilimshika ndani ya nguo lakini asubuhi alikuwa amekufa. Nilimzika hapo. Kioo haikupasuka hata moja. Nimetia maji, haitoki. Hapa samaki hakuna, hata maji ni ya kutafuta. Nimeiweka tu mezani na maji peke yake. Wanawake ya kambi wanakuja jioni, wanaketi, wanaiangalia. Asante."

Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa ajili ya Aidah. Akaingia ndani na kofia aliyokuwa akishona.

Nilijaribu kukata kioo cha dirisha, mstari ukapinda mara mbili. Nikaweka almasi ya kukatia mezani. Saa sita kamili nikafunga milango. Mtu mmoja aliyekuja kuchukua picha yake akanikuta natia kufuli mchana mweupe, akasimama, akavua kofia.

"Pole, fundi. Umefiwa?"

Nikamwambia ndiyo.